Kinanda cha nyumbani Ngao: tuhesabu stima na mafuriko kabla ya kuhesabu vitufe

Tangu Januari mwaka huu wa 2026, wanafunzi wa kwanza wa elimu ya umilisi walipoingia Gredi ya 10, swali moja limekuwa likinifuata kutoka Ngao hadi Tarasaa, na hata stendi ya Garsen: mtoto amechagua mkondo wa Sanaa na Michezo, anataka muziki, sasa tumnunulie kinanda gani? Wanaouliza si wazazi peke yao. Kuna vijana waliomaliza shule wanaotengeneza nyimbo kwa simu chumbani, na sasa wanataka kitu chenye vitufe. Kuna pia wenzangu wa kwaya waliochoka kusubiri kinanda cha kanisa ambacho hutoka chini ya kufuli Jumapili hadi Jumapili.

Wengi hutaka nitaje jina la kampuni niende zangu. Nitayataja majina, lakini sitaanzia hapo. Kwa muda niliosaidia watu wa huku kununua na kutengeneza vyombo hivi, nimeona kwamba pesa hazipotei sana kwa kuchagua kampuni mbaya. Hupotea kwenye adapta, kwenye stima inayozimika na kurudi kwa kishindo, kwenye maji, na kwenye kununua kitu kisichofanana na kazi iliyokusudiwa. Kwa mtu wa Nairobi hayo ni mambo madogo ya pembeni. Kwa mtu wa Tana Delta ndiyo shughuli yenyewe.

Tupime kwanza uzito wa pesa. Kinanda kipya cha kuanzia cha Yamaha au Casio, chenye vitufe 61, nimekikuta madukani Mombasa na mitandaoni kati ya shilingi elfu 20 hivi na elfu 45, kutegemea aina na siku uliyoingia. Sisi wa huku pesa ya mkupuo huja na maembe, na wakala akifika shambani hutoa shilingi chache kwa embe. Tuseme ametoa tano. Kinanda cha elfu 30 ni maembe elfu sita. Mzazi anayetoa kiasi hicho ana haki ya kuelezwa ukweli wote, si ule wa karatasi ya matangazo tu.

Ukweli wa kwanza unahusu shule. Mfumo mpya una mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Shule si lazima itoe yote mitatu. Ile ya sayansi ni lazima kila mahali, na shule nyingi zimeishia na miwili, wa sanaa ukiachiwa shule zenye mikondo yote mitatu. Kwa hivyo kabla ya kwenda dukani, mzazi aulize mambo mawili: shule aliyopangiwa mtoto inafundisha muziki kweli, na ina mwalimu wa muziki? Nimekutana na familia iliyonunua kinanda kwanza ikauliza baadaye. Mtoto sasa anasoma historia na jiografia, na kinanda ni cha mjomba.

Hata pale muziki unapofundishwa, kinanda si sharti la kwanza. Wazazi wa elimu ya umilisi wanakumbuka zile filimbi za plastiki tulizolazimika kununua watoto walipokuwa msingi. Filimbi ile, watu wakiicheka, hufundisha kusoma noti sawasawa na chombo cha bei mara mia. Mtoto ambaye bado hajaishika vizuri anaweza kungoja kinanda mwaka mmoja bila kudhurika. Aliyekwisha kuishika na sasa anatafuta sauti mbili tatu kwa pamoja, huyo kinanda kitamfaa.

Sasa dukani. Jina moja, kinanda, limefunika vitu vinne tofauti na muuzaji hana haja ya kukutofautishia. Kipo kile cha kuchezea watoto, vitufe vyake vimekuwa vyembamba kuliko kidole cha mtu mzima na maikrofoni ndogo imening'inia ubavuni. Kipo kinanda cha kawaida cha vitufe 61, kina spika zake, midundo yake na sauti mia kadhaa. Ipo piano ya kidijitali ya vitufe 88, vitufe vyake vizito kama vya piano ya mbao. Na kipo kile ambacho hakina sauti kabisa ndani yake. Hicho cha mwisho, mfano ile AKAI MPK Mini ya vitufe 25 ambayo vijana huiona kwenye video za watengenezaji muziki, hutuma tu amri kwa kompyuta au simu kupitia MIDI, lugha ambayo vyombo vya muziki vimezungumziana tangu 1983. Bila kompyuta ni ubao. Kijana mmoja wa hapa kwetu aliagiza chombo cha aina hiyo, kikafika kwa basi hadi Minjila, akakitia kwenye betri ya sola na kungoja kiimbe. Taa ziliwaka. Chombo hakikuwa na kosa lolote. Aliyemuuzia hakumwambia tu kwamba sauti hununuliwa kando.

Kwa nyumba nyingi za Ngao mimi nasema chukua cha pili, cha vitufe 61. Ukubwa wake unatosha kucheza nyimbo za kwaya kwa mikono miwili, na kitu cha kuangalia kuliko vyote ni kama vitufe vinahisi mguso: ukigonga polepole sauti iwe ndogo, ukigonga kwa nguvu iwe kubwa. Bila hilo mtoto hujifunza kubonyeza, hajifunzi kucheza. Hapa ndipo watu huangushwa na tofauti ndogo ya bei. Casio CT-S200 na CT-S300 zimefanana kama pacha, lakini CT-S200 haihisi mguso na CT-S300 inahisi. Upande wa Yamaha ni vivyo hivyo: PSR-E273 haihisi, PSR-E373 inahisi, na tena ile E273 haina tundu la kuunganisha na kompyuta. Ukiweza kuongeza hizo elfu chache, ziongeze hapo. Usizipeleke kwenye idadi ya sauti. Kinanda kinachojisifu kwa sauti 600 kitakupa sauti kumi utakazozitumia, na zilizobaki ni mbwa, helikopta na makofi.

Je, hiyo piano ya vitufe 88? Mtoto akikusudia kweli kufanya mitihani ya piano, vitufe vizito vina maana, na hakuna njia ya mkato. Lakini Yamaha P-45, ambayo imekuwa ya bei nafuu katika kundi lake, ina kilo 11 na nusu na haitumii betri. Stima ikikatika, kimya. Maji yakija, itabebwa na watu wawili. Hayo mawili yananirudisha kwenye jambo ninalotaka kulikalia.

Mto wetu ndio unaoendesha sehemu kubwa ya umeme wa maji wa nchi hii. Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, mabwawa yote hayo yako juu ya Tana. Maji yakishamaliza kuzungusha mitambo huko ndiyo hutufikia sisi, mara nyingine yote kwa siku moja. Halafu sisi tunaokaa mwisho wa mto ndio tunaokaa pia mwisho wa laini ya stima. Mwaka 2023 na 2024 nchi nzima ilizimika zaidi ya mara moja, Nairobi ikapiga kelele kwa sababu haijazoea. Huku hatukutambua upesi kwamba safari hii ni ya taifa.

Kuzimika kwenyewe hakuui kinanda. Kinachoua ni stima inaporudi, inapokuja juu halafu chini halafu juu. Kwa hivyo kifaa cha kwanza cha ziada, kabla ya stendi, kabla ya hedifoni, ni kilinda umeme cha kuchomeka ukutani, kile kile watu wanachowekea friji. Na sheria ya nyumba iwe hii: stima ikikatika, adapta ing'olewe, isirudishwe mpaka taa zitulie.

Adapta ndiyo maradhi ya pili. Hizi si chaja za simu ambazo zote ni ndugu. Yamaha PSR-E373 inataka volti 12. Casio CT-S300 inataka volti 9.5. Plagi zinaweza kuingiana, umeme usikubaliane. Kwenye mgongo wa kinanda, karibu na tundu, kuna mchoro mdogo wa duara na nukta katikati, wenye alama ya kujumlisha na ya kutoa. Mchoro huo unaonyesha katikati ya plagi ni chanya au hasi, na ni lazima ulingane na ule ulioandikwa kwenye adapta. Mafundi wetu wanaujua, wauzaji wengi hawaujui. Ukipoteza adapta ya asili, nenda na kinanda chenyewe dukani, au kipige picha mgongoni. Usiende na maneno tu.

Wenye sola wana nafasi nzuri kuliko wanavyodhani. Vinanda vya aina hii vinakula chini ya wati 10, yaani sawa na taa moja au mbili. Lakini kuna mtego. Mtu husikia Yamaha inataka volti 12, betri yake ya sola ni ya volti 12, basi anaunganisha moja kwa moja. Betri hiyo jua la saa saba linapoichaji hupanda hadi volti 14 na zaidi. Kinanda kinaweza kustahimili siku mbili tatu, kisha kikaacha. Weka kifaa kidogo cha kusawazisha volti katikati. Hakina bei kubwa, na fundi yeyote wa sola atakifunga kwa dakika kumi. Kwa Casio utakihitaji vilevile kukushusha hadi 9.5.

Na betri ndogo je? CT-S300 na PSR-E373 zote hutumia betri sita za AA. Casio huahidi saa kama 16 kwa betri nzuri za alkali. Zile za bei ya chini za dukani huku, za tochi, hazikaribii hapo, na kinanda kikianza kuishiwa nguvu hukata sauti katikati ya wimbo au kujizima. Betri za kuchaji sita na chaja yake zitarudisha gharama yake kabla ya mwaka kuisha kwa mtu anayefanya mazoezi kila jioni. Usiache betri ndani msimu mzima bila kutumia. Zikivuja, chumvi yake hula vyuma vya ndani na unyevu wa delta humalizia kazi.

Unyevu, ndiyo. Chini ya kila kitufe kuna utepe wa mpira wenye vidoti vyeusi vinavyogusa bodi. Vumbi la kiangazi likiingia, kisha masika yakalilowanisha, vitufe vinaanza kufa kimojakimoja, mara nyingi vile vya katikati vinavyotumika zaidi. Fundi akifungua na kusafisha, hufufuka. Si mwisho wa chombo, msikubali kuambiwa kinunuliwe kipya. Kifunike kwa leso kila baada ya kutumia, kiweke mbali na dirisha, na usikihifadhi kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa, kwa sababu jasho la ndani halitoki. Sisimizi nao wanapenda joto la adapta. Hilo si mzaha.

Halafu mafuriko. Novemba 2023 maji ya El Niño yalikuja, na Aprili na Mei 2024 yakaja tena kabla watu hawajamaliza kujenga upya. Vijiji vya chini vilihamia nyanda za juu na hema. Mtu akihama namna ile hubeba watoto, godoro, sufuria, hati, mbuzi. Kinanda kitabebwa kikiwa chepesi tu. CT-S300 ina kilo 3.3 na mshikio wake wa kubebea. Msichana wa miaka 12 anaipandisha kwenye mtumbwi kwa mkono mmoja. Mkoba wenye sponji ndani ni muhimu kuliko stendi, na stendi ya chuma ya umbo la X unaweza kuiahirisha kabisa, maana meza ya kulia chakula yenye urefu mzuri inafanya kazi ileile. Mkoba huo huo utakufaa kwenye boda boda kutoka Tarasaa, barabara ikiwa na matope.

Vifaa vingine nitavipitia haraka. Hedifoni ni lazima nyumba ikiwa ya chumba kimoja au viwili, si kwa anasa bali kwa amani, maana kosa lilelile la mtoto likirudiwa mara arobaini usiku litaleta ugomvi na majirani. Angalia tundu: Yamaha E373 ina tundu kubwa, kwa hivyo utahitaji kijipete cha kubadilisha, CT-S300 inakubali zile za simu. Hedifoni za bluetooth usizitumie kuchezea, sauti hufika imechelewa. Pedali ya kuendeleza sauti ni nzuri lakini ingoje mwezi wa sita. Ukiinunua, chukua yenye swichi ndogo ya kugeuza, kwa sababu pedali za kampuni mbalimbali hufanya kazi kinyume: hii ukikanyaga inashika, ile ukikanyaga inaachia.

Kwa vijana wa kurekodi, simu mliyo nayo inatosha kuanzia. BandLab haina malipo na inaingia kwenye Android. Utahitaji waya wa USB unaolingana na kinanda (Yamaha hutumia ule wa kichwa cha mraba kama wa printa, CT-S300 ule mdogo wa simu za zamani) na kiunganishi cha OTG cha kuuingiza kwenye simu. Tatizo ni kwamba simu nyingi za bei ya chini zinachelewesha sauti. Ukibonyeza kitufe na kusikiliza kutoka kwenye simu, noti inafika baada ya kidole. Njia ya kulizunguka ni kusikiliza sauti ya kinanda chenyewe wakati unacheza, huku simu ikirekodi amri zake tu. Mwenye kompyuta kuukuu atapata wepesi zaidi, na PSR-E373 hupeleka hata sauti yenyewe, si amri tu, kwa waya uleule. Bando nalo lihesabiwe. Kupakua sauti za ziada kila usiku kunaweza kupita bei ya betri.

Chumba cha kurekodi? Nyumba ya makuti inapendeza masikioni kuliko ukumbi wa simiti. Mabati yana fujo zake mvua ikinyesha, kwa hivyo rekodi mchana wa kiangazi. Tundika mablanketi mawili nyuma ya mwimbaji. Studio za Mombasa hulipia sponji ukutani kupata matokeo hayohayo.

Nimefika kwenye jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko volti. Ndani ya kila kinanda kuna midundo iliyopangwa tayari: bonyeza hapa upate rumba, hapa upate bolero, hapa upate kitu wanachokiita Afrika. Kijana anayejifunza kwa midundo hiyo, baada ya mwaka kila wimbo wake una ngoma ya kiwandani. Nasikia kwaya zetu za bonde zikianza kufanana na za Kisumu na za Arusha, kwa sababu zote zimebonyeza kitufe kimoja. Sidhani ni dhambi. Ila tukumbuke tunachokalia. Mwaka 1963 tume ya watu watano iliyoongozwa na Graham Hyslop, wakiwamo George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, ilipotafuta sauti ya wimbo wa taifa, iliichukua kwenye wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto. Wimbo ambao mama wa mtoni aliuimba bila chombo chochote ndio nchi nzima inausimamia leo. Haukutoka kwenye kitufe cha mdundo.

Na tumeshapoteza vingine. Ngadji, ile ngoma kuu takatifu ya Wapokomo, ilichukuliwa na maafisa wa Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 20 na mpaka leo iko mikononi mwa British Museum kule London. Watu wanazungumzia kuirudisha, na wana haki. Lakini nyimbo hazikupelekwa London. Ziko kwa mabibi zetu hapa Ngao, Golbanti, Hewani, Wema, na wanaondoka nazo mmoja baada ya mwingine. Kwa hivyo nikiwa na elfu tano za ziada baada ya kinanda, sitanunua spika ya nje. Nitanunua maikrofoni ya kuchomeka kwenye simu, nimkalishe bibi chini ya mwembe, aimbe anavyojua, kwa mwendo wake. Kinanda kije baadaye kutafuta noti zake. Kitufe cha kuhamisha sauti juu au chini, ambacho vinanda vyote hivi vinacho, kitamfuata bibi popote alipoanzia. Si lazima bibi amfuate mpiga kinanda.

Hapo pia utaona mipaka ya chombo. Vinanda hivi vimegawanya sauti hatua 12 zilizo sawa, na nyimbo za wazee hazikai humo zote. Ndugu zetu Waislamu wa Garsen na Kipini wanaopenda taarabu ya zamani wanalijua hili vizuri, maana udi hupita kati ya kitufe na kitufe bila kuomba ruhusa. Yamaha hutengeneza vinanda vya PSR-A kwa ajili ya muziki wa Kiarabu, vyenye uwezo wa kushusha noti robo, lakini bei yake si ya maembe elfu sita. Mwenye kutaka taarabu aanze na cha kawaida akijua kinakosa nini.

Kuhusu vya mtumba niseme kwa ukali kidogo. Kinanda cha mkono wa pili kilichotunzwa ni ununuzi mzuri kuliko kipya cha kampuni isiyojulikana. Lakini vingi vinavyofika bandarini vimetoka Japani, na stima ya Japani ni volti 100. Adapta yake ukiichomeka kwenye 240 zetu, moshi. Soma adapta: ikiandikwa 100-240 uko salama, ikiandikwa 100 pekee iache hapo. Gonga kila kitufe, vyote 61, polepole kisha kwa nguvu. Zungusha kirekebishi cha sauti usikilize kama kinakwaruza. Kiache kimewaka robo saa. Muuzaji asiyekupa robo saa ana sababu yake. Na wale wa mitandaoni wanaotaka M-Pesa kwanza ndipo kinanda kipandishwe basi, wajibu wako ni kukataa, hata bei iwe tamu namna gani. Kuna ndugu au mwanakijiji Mombasa au Malindi anayeweza kwenda kukigonga kwa niaba yako.

Je, kitalipa? Vijana huniuliza, nami siwadanganyi. Arusi, matanga, mikutano ya wanasiasa, hizo zinalipa mpiga kinanda pesa za siku hiyo. Mirabaha ni hadithi nyingine. Mvutano kati ya bodi ya hakimiliki na vyama vya kukusanya pesa za wanamuziki umedumu miaka mingi, na msanii wa Tana River si wa kwanza kwenye foleni. Mtu asiuze mbuzi wa ada kwa ndoto ya mirabaha.

Ndiyo maana kwa familia nyingi nasema msinunue mmoja mmoja. Nyumba nne au tano, au kikundi cha akina mama kilichozoea chama, wanunue PSR-E373 moja, kilinda umeme kimoja na mkoba mmoja, wapange siku. Hilo pia huwasaidia wasichana. Kinanda cha nyumba huishia kwa kaka. Chenye ratiba ya kikundi kina siku iliyoandikwa jina la dada.

Na kanisa na kaunti wana sehemu yao. Kanisa lenye kinanda kinachopigwa saa mbili kwa wiki linaweza kukitoa Jumanne na Alhamisi alasiri, mzee mmoja akikaa na ufunguo. Kaunti nayo haina pa kukwepea: Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imekabidhi serikali za kaunti shughuli za utamaduni, maktaba, makumbusho na vyuo vya ufundi vya vijijini. Chumba kimoja kwenye chuo cha ufundi cha Tana Delta, vinanda vitano vya vitufe 61, paneli ya sola na kompyuta mbili, si mradi wa mamilioni mengi. Fundi wa elektroniki anayefundishwa hapo angesafisha pia vitufe vya mtaa mzima. Makadirio ya bajeti hufikishwa bunge la kaunti kila mwaka kabla ya Aprili 30, na kabla ya hapo sheria inataka wananchi waitwe kutoa maoni. Kikao cha Garsen kikitangazwa nitakuwapo na karatasi yenye bei hizi, na ningependa wale wote walioniuliza kuhusu kinanda tangu Januari waje nayo pia.